Wifi Yangu na Maneno Kumi na Moja

Napenda kukiri mapema kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu, ili nitakapomaliza kuwalaumu wengine asiwepo wa kuniambia kwamba nimejisahau.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alishona hospitalini kwa miaka ishirini na miwili. Nalazimika kufafanua, kwa sababu wapo watu ambao nikiwaambia hivyo huniuliza kama ni daktari wa upasuaji. Si daktari. Alishona katika chumba cha ushonaji, nyuma ya jengo la kufulia, chumba chenye cherehani nne, meza moja ndefu ya kukatia vitambaa, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe nusu yake ya chini ili wapita njia wasichungulie. Humo zilitoka shuka, foronya, mapazia, magauni ya wagonjwa yanayofungwa mgongoni kwa vikamba viwili, na majoho ya kijani ya madaktari. Kila aliyelazwa katika hospitali ile kwa miaka ishirini na miwili alilalia mshono wa wifi yangu, na sidhani kama yuko hata mmoja aliyeuona. Yeye mwenyewe husema kwamba mshono ukionekana, kuna mtu hakufanya kazi yake.

Mwezi wa tatu wa mwaka jana uongozi uliamua kwamba vitu hivyo vitanunuliwa vikiwa vimeshonwa tayari, na kwamba chumba kitafungwa mwishoni mwa mwezi wa sita. Washonaji walikuwa wanne. Wawili walikuwa ukingoni mwa kustaafu, wakapewa barua za shukrani. Waliobaki ni wifi yangu na mkataji wa vitambaa, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa ambaye hospitali nzima humwita Mama Mkasi. Hao waliambiwa kwamba masjala ina nafasi mbili za watunza mafaili, na kwamba watazipata wakifaulu mtihani wa msamiati wa Kiingereza, kwa kuwa madaktari huandika kwa Kiingereza na mtunza faili hana budi kujua anatunza nini. Asiyefaulu angetoka pamoja na cherehani.

Shabaha yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Upuuzi ulikuwa katika utekelezaji. Afisa utumishi, kijana nadhifu ambaye watumishi wamempa jina la Bwana Utaratibu, alikaa ofisini kwake akaandaa orodha ya maneno elfu moja kwa mpangilio wa alfabeti, kurasa thelathini na mbili, kila neno na maana yake kwa sentensi moja. Maneno mia moja kati ya hayo ndiyo yangeulizwa. Niliisoma orodha ile yote, mwanzo hadi mwisho, na shinikizo langu la damu ni shahidi. Neno la nimonia lilikuwamo, na chini yake neno la ushairi, kwa sababu tu yanaanza kwa herufi moja. Sijui ni mgonjwa gani amewahi kulazwa kwa ushairi.

Wifi alikuja Jumamosi asubuhi, orodha ikiwa imeviringishwa katika kipande cha kitambaa cha kijani.

"Wifi, wewe si ndiye msomi wa ukoo?"

"Nani kasema?"

"Mdogo wangu, mumeo. Kila siku anasema, mpaka tumechoka."

"Basi akufundishe yeye."

"Huyo? Kiingereza chake ni cha kuombea samahani tu."

Mume wangu, aliyekuwa akisoma gazeti hatua tatu kutoka pale, aligeuza ukurasa kwa heshima zote.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Nina shahada ya lugha na nimesimama mbele ya ubao kwa miaka kumi na tisa. Wifi aliishia darasa la saba, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu mama yao alifariki na lazima mmoja wao ashike cherehani ili mwingine aende shule. Aliyekwenda shule ndiye niliyeolewa naye. Kwa hiyo niliposema kwamba nitamfundisha, sikuwa nikitoa msaada. Nilikuwa nikilipa fadhila, na hilo halikunipunguzia hasira hata kidogo, kama itakavyoonekana.

Tulianza na herufi A. Siku ya kwanza alikariri maneno ishirini. Siku ya pili yalibaki manne. Siku ya tatu lilibaki moja, nalo alilijua tangu zamani kwa sababu limeandikwa kwenye mlango wa magari ya wagonjwa.

"Hayakai," alisema. "Ni vifungo bila uzi. Unaviweka kwenye nguo, ukiinuka vinamwagika."

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa kutaka tu tupumzike, nilimwambia kwamba neno la Kiingereza la msuli, 'muscle', limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kipanya.

Alikunja kiwiko, akautazama mkono wake. Mkono wa mtu aliyesukuma cherehani miaka ishirini na miwili si mkono wa kuonea haya. Akaukunja na kuukunjua, huku akifuatilia kinachotembea chini ya ngozi.

"Kweli kabisa. Mtazame anavyokimbia."

"Haya, tuendelee."

"Subiri kwanza. Kwa hiyo zamani hizo mtu alikaa akatazama mkono wake, akaona panya?"

"Ndiyo."

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima, wifi."

Alifikiri kidogo. "Basi hawa nao ni watu tu," akasema, kama aliyekuwa na wasiwasi juu ya jambo hilo kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye neno lililofuata. "Na hili limetoka wapi?"

Huo ndio uliokuwa mwisho wa amani yangu.

Ni lazima nieleze jinsi fundi huyu anavyofanya kazi, maana bila hivyo hakuna litakaloeleweka. Ukimpelekea gauni umwambie akushonee la namna hiyo hiyo, halitazami kwa nje na kukadiria, kama mafundi wengi wafanyavyo. Hulifumua. Hukata mshono mmoja mmoja kwa wembe, akatandaza vipande vyote mezani, akajua kila kipande kilikatwaje na kwa nini, kisha akalirudisha gauni lako kama lilivyokuwa ndipo aanze lake. Sasa alianza kuyafumua maneno. Aliikata karatasi ngumu ya maboksi ya nyuzi kuwa vipande vya ukubwa wa kiganja. Juu ya kila kipande aliandika mzizi, iwe ni wa Kigiriki au wa Kilatini, na chini yake watoto na wajukuu wake wote aliowakuta katika orodha. Vipande hivyo alivitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba aliyoifunga kutoka dirishani hadi kwenye kabati, katika chumba chake kilicho uani kwetu. Ulipoingia ulilazimika kuinama chini ya ukoo wa tumbo, ukoo wa ngozi na ukoo wa figo. Kiambishi kimoja cha mwishoni, kinachomaanisha uvimbe wenye maumivu, kilikuwa na kamba yake peke yake, kwa sababu, kama alivyosema, huyo ameoa kila nyumba.

Nilimpa kamusi yangu ya asili za maneno, niliyoinunua chuoni na, naona aibu kusema, sikuwahi kuifungua zaidi ya mara tano. Aliisoma akiwa amesimama, akiwa amekaa, akiwa kwenye foleni ya kituo cha basi. Aligundua kwamba neno wanalotumia madaktari kwa kushona kidonda limetokana moja kwa moja na kitenzi cha Kilatini cha kushona nguo, na akakasirika.

"Miaka yote hii daktari ananipita kwenye ujia pua juu, kumbe ni fundi mwenzangu."

"Si fundi mwenzako, wifi."

"Ni nani basi? Tofauti ni kitambaa tu."

Aligundua kwamba neno la Kiingereza la maandishi, 'text', na lile la vitambaa, 'textile', yamezaliwa na kitenzi kimoja chenye maana ya kufuma. Aligundua kwamba 'line', yaani mstari, ilianza kuwa uzi wa kitani. Aligundua kwamba 'hospital' inatokana na neno la mgeni, akataka kujua ni mgeni wa aina gani anayekaribishwa kwa kuambiwa apange foleni kuanzia alfajiri. Siku moja nikiwa darasani, mbele ya wanafunzi arobaini na watano, simu yangu ililia mara tatu mfululizo. Nilidhani kuna msiba. Ulikuwa ujumbe wake: "Wifi, 'patient' imetoka wapi?" Nilimjibu kwa ghadhabu kwamba imetoka kwa kitenzi cha kuteseka na kuvumilia. Akaandika: "Kumbe mgonjwa maana yake mvumilivu. Wale wa wodi namba tatu hawajaambiwa."

Nilicheka, wanafunzi wakaniona, na somo likaharibika.

Hata Kiswahili hakikusalimika. Alipokuta mahali fulani kwamba foronya na meza tumezipata kwa Wareno, aliingia jikoni kwangu akiwa ameishika foronya kama ushahidi wa mahakamani. "Nimeshona maelfu ya hivi vitu," alisema, "na hakuna aliyeniambia vina kwao." Mume wangu alijifunza kuoga kwa muda mrefu sana siku za Jumamosi.

Sitaki nieleweke vibaya. Njia yake ilikuwa sahihi. Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa orodha na fimbo, nikakariri, nikafaulu, nikapata shahada, na sikuwahi kujiuliza kwa nini msuli ni panya. Kulikuwa na asubuhi ambazo nilitoka chumbani kwake nikiwa nimejifunza zaidi ya nilivyofundisha, na sijui kama kuna kitu kinachomkera mwalimu zaidi ya hicho. Lakini wiki zilikuwa zinakwisha, na yeye alikuwa bado anahangaika na ukoo wa herufi D.

"Ruka, wifi. Hili ulijue tu juu juu, twende mbele."

"Haliishi hivyo."

"Linaishaje?"

"Linaisha likiisha."

Katika chumba cha ushonaji kulikuwa na sheria moja, iliyokuwapo kabla yake na aliyoisimamia kuliko wote: nguo haitoki mezani nusu, na nyingine haipandi mezani kabla ya hiyo kutoka. Sababu ilikuwa nzuri. Joho lisilomalizwa likichanganyika na yaliyomalizwa, litakwenda kufuliwa, litakwenda wodini, na siku moja mkono wake utamwachia daktari katikati ya kazi. Niliijua sheria hiyo. Nilimsikia akiitaja mara mia. Haikunipitia akilini kwamba angeingia nayo kwenye chumba cha mtihani.

Mama Mkasi, kwa upande wake, aliikariri orodha kama anavyokata kitambaa, yaani moja kwa moja bila kutazama pembeni. Aliiimba. Nilipopita siku moja kumchukua wifi, nilimkuta akiimba herufi M kwa sauti huku mkasi ukifuata mapigo. Nilimtajia neno moja, akanipa maana yake kwa Kiingereza bila kukosea hata herufi.

"Na kwa Kiswahili ni nini?" nilimuuliza.

"Mwalimu, usinichokoze. Hilo halimo kwenye mtihani."

Mtihani ulifanyika Ijumaa, katika ukumbi wa kulia chakula, maneno mia moja kwa saa mbili. Wifi alirudi nyumbani ametulia kabisa. Alisema ulikuwa mtihani mzuri. Nilipomuuliza kama alimaliza, alisema alifanya kazi safi, nami kwa upumbavu wangu nikadhani amejibu swali.

Matokeo yalibandikwa Jumatano iliyofuata kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo wapishi, wafagiaji na walinzi wote wangeyaona, kwa sababu Bwana Utaratibu anaamini katika uwazi. Mama Mkasi alipata hamsini na nane. Alama ya kufaulu ilikuwa hamsini. Wifi yangu alipata kumi na moja.

Alinisimulia akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, mkoba ungali mapajani.

"Ulijibu mangapi?"

"Kumi na moja."

"Kati ya mia moja."

"Muda uliisha."

"Saa mbili, wifi. Saa mbili nzima."

"Sasa ningeliachaje neno nusu? Nimeshalifungua, vipande viko mezani, halafu niinuke niende kwa jingine?"

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilimwambia maneno ambayo wifi mdogo hapaswi kumwambia wifi mkubwa, miongoni mwake kwamba kichwa chake kimeshonwa kwa nyuzi mbili. Aliutazama mkoba wake, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nina miaka hamsini na moja. Nikitoka pale, nani anamtaka fundi wa shuka?"

Kesho yake niliomba ruhusa shuleni nikaenda kuonana na afisa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Alinikaribisha kwa adabu, akafungua faili, akaniwekea karatasi ya wifi mezani kabla sijafika aya ya pili ya hotuba yangu.

Majibu kumi na moja yalijaza kurasa saba. Kila neno lilikuwa limeelezwa lilikozaliwa, lilimaanisha nini kwanza, lilibadilikaje njiani, ndugu zake ni akina nani na sasa linatumikaje hospitalini. Kiingereza chake kilikuwa na makosa ya hapa na pale, lakini maana hazikuwa na kosa hata moja. Nina wanafunzi walioingia chuo kikuu ambao hawajawahi kuniandikia ukurasa wa namna ile.

"Sikatai kwamba anajua, mwalimu," alisema. "Lakini utaratibu unadai maneno mia moja."

"Utaratibu huo umeandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi unaweza kuuandika upya."

"Naweza. Lakini Mama Mkasi ameshaufanya ulivyo." Alifunga faili taratibu. "Na tena, nikuulize. Masjala inapokea mafaili mia nne kwa siku. Kila faili akilipa dakika kumi na moja, mgonjwa wa mwisho atahudumiwa mwaka gani?"

Alinieleza kwamba kwa kuwa nafasi moja imebaki wazi, kanuni inaruhusu mtihani mmoja wa marudio baada ya wiki tatu, kabla ya kutangaza kazi kwa watu wa nje. "Mwambie sentensi moja kwa kila neno," alisema akinisindikiza mlangoni. "Sikumuomba kitabu." Nilitoka nikiwa na hasira mara mbili ya ile niliyoingia nayo: moja kwa sababu alikuwa na kiburi, na nyingine kwa sababu hakuwa amekosea.

Nilinunua saa ndogo ya jikoni, ile inayozungushwa na kulia. Kila jioni baada ya kazi nilimkalisha mezani, nikamsomea neno, nikampa dakika moja. Saa ikilia nilimnyang'anya karatasi. Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili aliing'ang'ania karatasi ikachanika. Siku ya tatu aliweka kalamu chini.

"Unanifundisha kulipua kazi."

"Nakufundisha kufaulu."

"Ndicho hicho hicho, ila umekivalisha shati."

"Wifi, unataka kazi au hutaki?"

"Naitaka. Lakini nikiipata kwa kulipua, nitaifanya vipi? Nitalipua na mafaili? Faili la mtu mwenye figo nikaliweka kwa mwenye ini, kwa sababu saa imelia?"

Akaondoka. Kwa siku nne hakukanyaga jikoni kwangu, ingawa kutoka mlango wake hadi wangu ni hatua kumi na mbili. Mume wangu alitumwa kama balozi, akarudi na ujumbe kwamba dada anasema hana kinyongo ila yuko bize. Nilimuuliza yeye anaonaje.

"Mimi?" alisema. "Dada hajawahi kulipua kitu maishani mwake. Sare yangu ya shule aliishona mara tatu. Nilikwenda muhula wa kwanza nikiwa nimechelewa wiki mbili, lakini kola ilikaa sawa."

"Sikukuuliza habari za kola."

"Basi samahani," alisema mume wangu, kwa Kiingereza.

Siku ya tano nilimfuata kazini. Chumba kilikuwa kimeanza kuhamwa. Cherehani mbili zilikuwa tayari zimefunikwa na kubandikwa namba, na rafu za vitambaa zilikuwa tupu. Wifi alikuwa akimalizia magauni ya mwisho, na Mama Mkasi, ambaye alikuwa ameshapata barua yake ya masjala na hakuwa na la kufanya hadi mwisho wa mwezi, alikuwa amekaa juu ya meza ya kukatia, miguu ikining'inia.

"Mwalimu, umekuja kumwona profesa?" alisema. "Karibu. Ila ukitaka akujibu, leta chakula, maana jibu lake linachukua siku nzima."

"Mama Mkasi, niache," alisema wifi bila kuinua kichwa.

"Nikuache vipi, na mimi nimeandika majibu hamsini na nane ambayo siyajui, na wewe unayajua yote umeandika kumi na moja? Nani atanisomea mafaili huko masjala? Nimekaa nakutegemea, mwenzangu unaleta maringo."

"Si maringo. Siwezi kutoa kitu nusu."

"Nani kakwambia utoe?" Mama Mkasi aliteremka mezani. Alilinyakua gauni lililokuwa mbele ya wifi, akaligeuza ndani nje, akaonyesha uzi mweupe mrefu mrefu uliopita kwenye kingo za mikono, ule ambao fundi huupitisha kwa mkono ili vipande vishikane kwanza. "Hii ni nini?"

"Bandi. Wewe hujui bandi?"

"Gauni limekwisha?"

"Bado."

"Umelipua?"

Wifi alipitisha kidole kwenye uzi ule.

"Kila siku unapiga bandi gauni zima kwanza, mikono, ubavu, pindo, ndipo unapeleka kwenye cherehani. Hujawahi kushona mkono mmoja ukaumaliza mpaka kifungo, huku mwingine uko sakafuni. Sasa mtihani wa maneno mia moja si gauni moja? Pigia bandi yote mia moja, sentensi moja moja. Halafu muda ukibaki, rudi ushone mpaka uchoke. Nao wakikunyang'anya, wamekunyang'anya nguo iliyoshikana."

Mimi, mwenye shahada na saa ya jikoni, nilisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

"Umefikiria mwenyewe?" wifi aliuliza hatimaye.

"Kwani mimi huwa nafikiria? Mimi nakariri," alisema Mama Mkasi, akapanda tena mezani.

Kuanzia jioni ile kazi ilikwenda. Saa ya jikoni ilirudi, lakini sasa yeye ndiye aliyeizungusha. Alisema neno likiwa na mzizi anaoujua, sentensi moja ni rahisi, kwa sababu hakumbuki jibu, anauangalia mzizi na kulisoma kutoka humo. Nami nilimwona akifanya hivyo hata kwa maneno ambayo hatukuwahi kuyafikia, akiyatenga mbele na nyuma kwa ukucha wake kwenye karatasi, akisema polepole, "Huyu wa mbele ni chini ya kipimo. Huyu wa katikati ni sukari. Huyu wa mwisho ni damu. Basi sukari imepungua kwenye damu." Siku zilizobaki nilimkaripia mara mbili tu, na zote mbili nilikuwa na haki.

Mtihani wa marudio aliufanya peke yake, katika ukumbi ule ule, na Bwana Utaratibu mwenyewe kama msimamizi. Alijibu maneno yote mia moja kwa saa moja na dakika kumi, sentensi moja kila neno. Kisha akarudi mwanzo na kuanza kushona. Muda ulipokwisha alikuwa kwenye neno la sita, na afisa alilazimika kuivuta karatasi mara mbili. Alipata themanini na tatu.

Barua ilikuja siku nane baadaye, kwa Kiingereza, ukurasa mmoja. Aliileta mezani kwetu, akakataa nisimsomee. Aliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, mume wangu akiwa nyuma ya kiti chake akijifanya anatafuta miwani. Alifika aya ya tatu, kidole kikasimama. Pale palikuwa na neno ambalo halikuwa katika orodha ya elfu moja, 'probation', likisema atakuwa katika hali hiyo kwa miezi sita.

Nililiona nami, na damu ilinipanda hadi masikioni. Miezi sita ya matazamio. Mtu aliyewatumikia miaka ishirini na miwili, wakamfungia chumba, wakampima mara mbili, na sasa wanamwandikia kana kwamba ameokotwa jana getini. Nilisema hayo yote, na mengine ambayo sitayaandika hapa.

Wifi hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameshaifungua kamusi.

"Kumbe ni kujaribu kitu uone kama ni kizima," alisema. "Na 'prove' naye ni ndugu yake?"

"Ni ndugu yake. Wifi, umeelewa wanachokuambia lakini?"

"Nimeelewa. Wananijaribu mpaka mwezi wa kumi na mbili." Alikunja barua kwa mistari yake ile ile, akaitia kwenye bahasha. "Waache wajaribu."

"Mimi nitawaandikia."

"Usiwaandikie, wifi. Wewe ukianza kuandika huna tofauti na mimi."

Jumatatu saa mbili kasoro robo asubuhi aliingia masjala, Mama Mkasi akiwa amemshikia kiti cha jirani. Mimi niliwaandikia hata hivyo. Kurasa mbili na nusu, nikazipeleka kwa mkono wangu na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Mpaka leo hawajajibu.